Majina Yaliyoandikwa kwa Herufi Ndogo

Mjomba wangu alikuwa baharia wa maji baridi. Alifanya kazi kwenye MV Umoja, meli inayobeba mabehewa ya treni, ikiyapakia Mwanza Kusini na kuyashusha Port Bell au Kisumu. Kila alipotoka safari alipitia kwetu Igogo, Mwanza, na mfuko wake, na chini kabisa ya mfuko, baada ya sabuni, sukari na kitenge cha mama, kulikuwa na kanda mbili tatu za muziki.

Nyingi zilikuwa za kurekodiwa vibandani. Karatasi yake ilikuwa ya daftari, imekatwa kwa wembe na kuandikwa kwa kalamu ya buluu: "Benga", au "Zaire moto", au haikuandikwa kitu. Tulizisikiliza hivyo hivyo bila kujua nani anaimba. Lakini mwaka 1993, nilipokuwa na miaka 12, mjomba alikuja na kanda iliyovishwa nailoni, haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa ya Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man. Alichana nailoni kwa jino, akatoa karatasi ya ndani iliyokunjwa mara kadhaa, akanipa mimi karatasi na yeye akabaki na kanda.

"Mjomba," aliniambia, kwa maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana hivyo hivyo, "jina kubwa kila mtu analisoma. Wewe nisomee haya madogo."

Nikamsomea kwa mwanga wa koroboi, herufi kwa herufi, Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa. Kanda ilikuwa ya mwaka 1989. Kampuni iliitwa Real World, na anwani yake ilikuwa Box, Wiltshire, Uingereza. Kesho yake nilitafuta neno Box kwenye kamusi ya shuleni nikakuta lina maana ya sanduku. Kwa muda mrefu kichwani mwangu kulikuwa na kijiji cha Kiingereza kinachoitwa Sanduku, na ndani ya Sanduku hilo sauti ya mtu wa Sinza, Dar es Salaam, mzaliwa wa Kindu, Kongo ya mashariki, ilikuwa imefungiwa mpaka mjomba akaja kuifungulia Igogo.

Swali la nani alimpeleka Remmy huko lilinikaa miaka kumi. Siku hizi ukiwa na swali la namna hiyo unalimaliza kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na Redio Tanzania, baadaye Radio Free Africa ya hapa hapa Mwanza, na idhaa za nje za masafa mafupi ambazo usiku wa mvua zilikuwa zikija na kuondoka kama wimbi. Hakuna aliyezungumzia herufi ndogo.

Jibu nililipata mwaka 2003, katika duka moja la intaneti mjini, shilingi 500 kwa saa. Nikaandika jina la kampuni ile, nikamkuta mwanzilishi wake: Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa bendi ya Genesis aliyeiacha mwaka 1975, kisha akashiriki kuanzisha tamasha la WOMAD ambalo mara ya kwanza lilifanyika mwaka 1982. Kampuni hiyo hiyo ilimrekodi Hukwe Zawose, mzee wetu wa zeze na ilimba, na mwaka 2002 ikatoa Assembly, albamu aliyofanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Kumbe uzi ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Nikaanza kuuvuta.

Nitasema kweli: Genesis yenyewe haikunigusa. Niliisikiliza kwa heshima, kama unavyokula chakula cha mwenyeji wako, nikaiacha. Lakini kwenye habari zake kulikuwa na jina la lebo, Charisma, na chini ya lebo hiyo kulikuwa na bendi nyingine ambayo sikuwahi kusikia ikitajwa popote: Van der Graaf Generator. Iliundwa Manchester mwaka 1967. Kiongozi wake, Peter Hammill, alikuwa na sauti inayonong'ona kama mtu wa kitubio na papo hapo inapaza kama mtu aliyeibiwa. Mpiga saksafoni, David Jackson, alikuwa akipuliza mbili kwa mpigo. Mpiga kinanda, Hugh Banton, alikuwa akikanyaga besi kwa miguu huku mikono ikifanya kazi nyingine. Albamu yao ya mwaka 1971, Pawn Hearts, haikufua dafu kwao Uingereza, ila Italia ilishika namba moja. Upande mzima wa pili wa santuri hiyo ni wimbo mmoja wa dakika 23, A Plague of Lighthouse Keepers.

Kuupata wimbo wa dakika 23 kwa intaneti ya wakati ule kulihitaji imani. Niliuacha ukishuka jioni, umeme ukakatika, nikaanza upya kesho yake, ukakatika tena. Siku ya tatu kijana wa duka alinionea huruma akauacha ushuke usiku kucha, asubuhi akanichomea kwenye CD. Nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka, na baada ya dakika nne nikaizima. Nilisikia kelele tu. Watu wanne wanagombana chumbani na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Niliirudia kwa sababu ya fedha niliyolipa, lakini mara hii nilikuwa nimechapisha maneno yake na nina kamusi mapajani. Wimbo ule unamhusu mtunza mnara wa taa. Kazi yake ni kuwasha taa ili meli zisigonge miamba. Anaona watu wakifa majini na hana la kufanya, na wale waliokufa hawamwachi, wanamrudia usiku, naye yuko peke yake juu ya mnara na bahari inapiga.

Kwa mtu wa Mwanza hayo si mafumbo. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika nyumbani. Ilikuwa asubuhi. Mamia ya watu wetu walikufa, wengi wakazikwa Igoma bila jina, maana hakuna aliyeweza kuwatambua. Jirani yetu, mama aliyekuwa akileta ndizi kutoka Bukoba, alikuwa ndani. Mjomba hakuwa kwenye meli ile wala hakuwa zamu, lakini alikuwa baharia, na watu wa meli zote za ziwa walikuwa wakifahamiana. Siku kadhaa alikwenda bandarini asubuhi na kurudi jioni bila kusema neno. Redio kaseti ya nyumbani ilifunikwa kitambaa. Hakuna aliyeamuru ifunikwe, ilifunikwa tu, na ilikaa hivyo hadi mwaka uliofuata.

Hatukuwa na wimbo wa msiba ule. Kwaya ziliimba, na ziliimba vizuri, lakini nyimbo za kwaya zilikuwa zinatufariji, na mimi nilikuwa na jambo ambalo halikutaka kufarijiwa bado. Lilitaka kusemwa kwanza. Miaka saba baadaye, kijana wa miaka 22 mwenye kamusi mapajani, nilisikia Waingereza wanne ambao hawajui hata ziwa letu liko wapi wakilisema, kwa dakika 23, kwa saksafoni zinazolia mbili mbili. Sehemu niliyoiita kelele ilikuwa ni dhoruba. Isingeweza kupigwa kwa utaratibu. Nilipofika mwisho nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Kuanzia hapo nilijiwekea desturi ambayo sijaiacha: muziki nisioufahamu nausikiliza mara tatu kabla ya kusema neno. Ya kwanza ni ya kukasirika. Ya pili ni ya kutafuta mlango. Ya tatu, kama mlango upo, unaingia, na kama haupo unaondoka bila kinyongo. Mahali pangu pa kusikilizia palikuwa kivuko cha Kamanga. Kutoka mjini hadi ng'ambo ni kama nusu saa, upepo unapiga, watu wamekaa na kuku na magunia, hakuna anayekuuliza unasikiliza nini. Nusu saa inatosha upande mmoja wa santuri.

Kivukoni ndipo nilipoielewa Can. Hawa ni Wajerumani wa Cologne, walioanza mwaka 1968. Wawili kati yao, Holger Czukay na Irmin Schmidt, walikuwa wamesomea muziki wa kitaalamu kabisa, kisha wakaamua kuacha waliyojifunza. Mwimbaji wao, Damo Suzuki, Mjapani, walimkuta barabarani Munich mwaka 1970 akiimba, wakamwalika, na usiku ule ule akapanda nao jukwaani bila mazoezi. Lakini aliyenishika mimi ni mpiga ngoma, Jaki Liebezeit. Huyu alikuwa mpigaji wa jazi huru, ule muziki ambao kila mtu anakimbia anakotaka, akaukinai. Akaamua kupiga mdundo mmoja na kukaa ndani yake. Dakika kumi, kumi na tano, kumi na nane, mdundo haubadiliki, na kwa sababu haubadiliki unaanza kusikia vitu vidogo vidogo vinavyobadilika juu yake. Wazungu waliandika sana juu ya maajabu hayo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuko nikitabasamu, kwa sababu kila aliyewahi kusimama pembeni ya ngoma ya Kisukuma anajua habari hiyo tangu utotoni.

Jambo jingine la Can nililipenda kwa sababu nililiona kwa macho yangu hapa Mwanza, Mabatini. Studio yao ilikuwa jumba la sinema la zamani huko Weilerswist, na kuta wakazivisha magodoro ya jeshi ili sauti isirudi. Rafiki yangu wa Mabatini, anayerekodi kwaya na wasanii chipukizi, amevisha kuta za chumba chake trei za mayai, zimegongwa kwa misumari kutoka sakafuni hadi darini, baadhi bado zina ganda lililokauka. Ukisimama katikati na kupiga kofi, kofi linakufa papo hapo. Nilipomsimulia habari za magodoro alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, kumbe na wao walikuwa wanaungaunga kama sisi." Nilimwona akiitazama ile studio yake upya.

Kuna watu huniuliza: unawezaje kusikiliza muziki wa lugha usiyoijua? Hili swali mtu wa kanda ya ziwa hapaswi kuliuliza. Mama zetu waliimba nyimbo za Franco kutoka neno la kwanza hadi la mwisho na Kilingala hawakijui. Waliimba sauti, na sauti ziliwatosha. Baba yangu alikuwa akipangusa machozi kwa wimbo mmoja wa Kijaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, na alipokuja kuambiwa kwamba wimbo ule ulikuwa unamsifu mfanyabiashara wa Kisumu, aliendelea kupangusa machozi.

Kwa hiyo nilipokutana na Magma ya Ufaransa sikushtuka. Christian Vander, mpiga ngoma, aliianzisha Paris mwaka 1969, akaona Kifaransa hakitoshi kubeba alichonacho, akabuni lugha yake mwenyewe, Kikobaia, lugha ya sayari isiyokuwepo. Watu wanaiimba kwaya nzima kwa nguvu kama wanajenga ukuta. Na mwaka 2008 mgeni mmoja kutoka Tampere, Finland, mji wenye urafiki na Mwanza tangu 1988, alikuja kwa mambo ya mradi, tukazungumza muziki kwenye foleni ya chakula, na siku ya kuondoka akaniachia CD ya bendi iitwayo Circle. Ni vijana wa Pori, mji wa pwani si mbali na kwao Tampere, walioanza mwaka 1991. Wanarudiarudia kipande kimoja cha gitaa kama Can, hadi kinakuwa kama injini ya mtumbwi iliyoshika mwendo, na juu yake wanaimba lugha waliyoitunga wenyewe, Kimeronia. Miji miwili imekuwa rafiki kwa mambo ya shule, misitu na maji taka, na mimi nimefaidi urafiki huo kwa CD moja.

Nisije nikaonekana nasifu kila kisichojulikana. Kutojulikana si sifa. Machi 12, 1978, bendi tano kutoka nchi tano zilikusanyika London chini ya jina la Rock in Opposition, kwa sababu makampuni ya santuri hayakutaka kuzisikia: Henry Cow ya Uingereza, Stormy Six ya Italia, Samla Mammas Manna ya Sweden, Univers Zero ya Ubelgiji na Etron Fou Leloublan ya Ufaransa. Nimezisikiliza zote, mara tatu tatu na zaidi. Univers Zero ni giza tupu la fagoti na fidla, na ninaipenda usiku wa mvua. Samla wana furaha ya watoto walioachiwa nyumba. Henry Cow hadi leo sijapata mlango, na nimeacha kuutafuta. Kuna bendi nyingine nyingi ambazo hazijulikani kwa sababu nzuri tu, kwamba hazina kitu. Mtu asikutishe kwamba huelewi. Ukishatoa mara zako tatu, hukumu ni yako.

Ubelgiji ndiko mausia ya mjomba yalikonilipa kuliko kote. Kulikuwa na bendi ya Brussels iitwayo Aksak Maboul, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Marc Hollander na Vincent Kenis. Aksak ni neno la Kituruki, maana yake ni mwendo wa kuchechemea, na kweli muziki wao unachechemea: kipande cha harusi za Uturuki, kinanda cha mtoto, mashine ya mdundo ya bei rahisi. Hollander baadaye akaanzisha lebo, Crammed Discs. Nikawa nasoma orodha ya kazi zake, majina madogo, na chini ya mwaka 1983 nikakuta Noir et Blanc, albamu ya Hector Zazou, kundi la CY1 na Bony Bikaye. Bikaye ni Mkongo. Sauti yake ya kiume, pana, ya Kikongo hasa, imewekwa juu ya vinanda vya umeme vinavyotoa milio kama ya kiwanda. Hawakumvalisha nguo za kitalii na hawakumgeuza pambo. Anaimba kama mwenye nyumba.

Nikaendelea kusoma. Miaka kama 20 mbele, lebo ile ile ilitoa Konono N°1 ya Kinshasa, bendi ya mzee Mawangu Mingiedi, iliyopiga likembe zilizounganishwa na vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vifaa vya magari mabovu. Dunia nzima ya muziki wa majaribio ilisimama kusikiliza. Na nani alikwenda Kinshasa kuwarekodi? Jina liko chini kabisa, herufi ndogo: Vincent Kenis. Yule yule wa bendi ya kuchechemea. Nilisimama katikati ya chumba. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa mtaa wenu kwenye mji wa mbali.

Mwaka 2020 nikaikuta tena lebo hiyo, safari hii karibu zaidi na mlango wangu. Nihiloxica ni kundi la Kampala, wapiga ngoma wa Kiganda pamoja na Waingereza wawili, mmoja wa drams na mmoja wa vinanda vya umeme. Albamu yao inaitwa Kaloli. Kwa Kiganda kaloli ni yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayeishi kwa takataka. Nani Mwanza asiyemjua? Nenda mwaloni Kirumba asubuhi. Wamesimama juu ya mapaa ya mabanda kama wazee wa baraza, mikono nyuma. Mchuuzi akitupa matumbo ya sangara, mmoja anashuka taratibu, hatua, hatua, anasimama, kisha mdomo unafyatuka haraka kuliko jicho na tumbo la samaki limekwenda. Nimeisikiliza albamu ile nikiwa nimesimama pale pale mwaloni, visikilizio masikioni. Ngoma zinatembea namna hiyo hiyo: hatua, hatua, kisha mdomo.

Mjomba alikuwa amestaafu wakati nilipompelekea Owiny Sigoma Band. Alihamia Pasiansi, miguu imevimba, anakaa kibarazani na kuangalia watu. Hii ilikuwa mwaka 2016. Bendi ile ilizaliwa pale wanamuziki wachache wa London, wakiwamo ndugu Jesse na Louis Hackett, walipokutana Kenya na mpiga nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Okoko. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 2011. Ya tatu, ya mwaka 2015, iliitwa Nyanza. Kwa Wasukuma na majirani zao nyanza ni ziwa, na wazee husema hata jina la Mwanza limetoka humo.

Nikaweka simu juu ya bakuli tupu ili sauti itoke vizuri. Nyatiti ikaanza. Nyuzi nane, mpigaji amekaa kwenye kigoda kifupi, kengele zinalia mguuni, na kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma inayogonga mbao. Mjomba hakuona picha yoyote. Alisikiliza, akafunga macho, na kidole gumba cha mguu wake uliovimba kikaanza kupiga sakafu.

"Hii nimeisikia Kisumu bandarini," alisema. "Lakini huyu wa drams ni nani?"

"Wapo wawili, mjomba. Mmoja Okoko, mmoja Mwingereza anaitwa Tom Skinner."

"Nisomee wote."

Nikamsomea wote. Kisha nikamuuliza kuhusu kanda zake za zamani, zile za karatasi za daftari. Alikuwa nazo kwenye kopo la biskuti. Moja alikuwa amerekodi mwenyewe, kwa redio kaseti aliyoiweka chini ya meza katika baa moja hapa mjini, usiku mmoja wa miaka ya sabini mwishoni. Tuliizungusha kwa kalamu maana ilikuwa imelegea, tukaicheza. Nyuma ya kelele za chupa na vicheko kuna gitaa la solo ambalo sijasikia mfano wake kwa Mjerumani wala Mfaransa. Linakwenda pembeni ya wimbo, linarudi, linasimama pale ambapo hakuna anayetarajia lisimame. Mtu huyu angekuwa Cologne mwaka huo vitabu vingeandikwa.

"Nani huyu, mjomba?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Mwimbaji alimkumbuka, na mpiga besi alimkumbuka kwa jina la utani. "Huyu wa solo... tulikuwa tukikaa naye meza moja. Jina limenitoka." Aliahidi litamrudia. Alifariki mwaka 2018 na halikumrudia.

Tangu hapo sijawahi kusoma majina madogo ya Wazungu kwa furaha ile ile. Nilivuta uzi kutoka Igogo hadi Brussels na kurudi ziwani kwa sababu mahali fulani, kila mara, kulikuwa na mtu aliyeandika: fulani amepiga ngoma, fulani amekaa kwenye mitambo, hapa, mwaka huu. Bendi iliyouza santuri chache tu mwaka 1978 bado inaweza kupatikana na mtu wa Mwanza. Bendi iliyojaza baa ya Mwanza mwaka huo huo haiwezi kupatikana na mtu wa Mwanza. Na hili halijaisha. Albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017, iliyokusanya singeli ya Dar es Salaam, ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes, na vijana wa Ulaya wanayajua majina ya watengenezaji wake kuliko vijana wa Nyamagana wanaocheza muziki huo kila Jumamosi.

Wazee wetu walilijua hili. Nilikwenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, nikaona makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kama yanavyoshindana tangu enzi za waanzilishi wao, Ngika na Gumha. Pande mbili, uwanja mmoja, na umati ndio hakimu: ukichosha, watu wanakuacha na kwenda upande wa pili. Ndiyo maana kila msimu lazima uje na jambo ambalo halijawahi kuonekana, wimbo mpya, mavazi mapya, chatu, mtu kichwa chini miguu juu. Manju alipoimba, katikati ya wimbo alijitaja jina, akataja la baba yake na kijiji anakotoka. Alifanya hivyo mara tatu. Hakuwa na karatasi ya kanda, kwa hiyo jina lake aliliweka ndani ya wimbo, mahali ambapo halitadondoka.

Kopo la biskuti sasa liko kwangu. Kanda ni 31, na hadi leo nimeweza kuandika majina kamili ya kanda tisa, kwa kuwauliza wazee wa Igogo, Mabatini na Pasiansi mmoja mmoja. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kanda za namna hiyo, usizitupe. Mwite mzee wa nyumba, mpigie wimbo, muulize nani anapiga gitaa, na uandike jibu lake leo hii, kabla jina halijamtoka. Kama unamjua mpiga solo aliyekuwa akipiga kwenye baa za Mwanza mwishoni mwa miaka ya sabini, aliyekuwa akisimama pale ambapo hakuna anayetarajia asimame, niambie anaitwa nani.